Nguo ya Shoga Hairudishwi

Mie Tabu binti Mwinshehe sina simile, na sitaki kusingiziwa kwamba niliwahi kuwa nayo. Waulize Temeke yote. Watakwambia yule mama mwenye nyumba ya vyumba sita karibu na kisima, mpishe apite. Haya, ni kweli. Ulimi ni wangu, hasira ni zangu, na hasara niliyoipata kwazo pia ni yangu, basi niacheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Zuena, jirani yangu, ambaye huongeza chumvi hata kwenye sukari.

Nyumba aliniachia baba. Mume wangu Mfaume ni kuli bandarini, mtu mpole, akirudi jioni anaoga, anaswali, anakula, humsikii. Watoto Mungu hakutujaalia. Mimba tatu ziliingia na tatu zikatoka, nikasema basi, nikaanza kupangisha vyumba. Chumba cha uani alikuja kukichukua karani mmoja wa reli, Audax, Mhaya wa Bukoba, pamoja na mkewe Apolonia, mwembamba kama ufito, tumbo mbele.

Asubuhi ya kwanza yule binti alitoka kunisalimia, akapiga magoti mchangani. Nikashtuka.

"We mwana, umedondosha nini?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kwao mkubwa husalimiwa kwa magoti. Nikamwambia hapa kwetu shikamoo inatosha, magoti yaache yapumzike, utayahitaji siku ya uchungu. Akaniitikia, "Haya, dada Tabu." Tangu siku ile nikawa dada.

Uchungu ukamshika katikati ya masika, uani maji yamejaa mpaka kwenye kizingiti. Mama yake mzazi alikuwa huko ng'ambo ya ziwa, mwendo wa treni kisha meli. Nani angemkanda? Nikamkanda mie. Siku arobaini nilichemsha maji, nikamkanda, nikampikia uji wa pilipili manga, na kila jioni nikamfukiza. Makaa kwenye chetezo, udi kidogo juu yake, na nguo zake nikazitandaza juu ya kikapu nilichokipindua juu ya moshi mpaka zishibe. Siku za mwanzo alikohoa, akasema wee dada, unanikausha kama samaki. Siku ya arobaini akanishika mkono akasema, "Nikitoka humu ndani bila harufu hii nitajiona niko uchi." Mtoto wakambatiza Margareta. Mie nilimwita Mage, na usingizi wake aliupatia mgongoni mwangu kuliko kwa mamaye. Sijui kama mnanielewa. Mgongo wangu ulikuwa haujawahi kubeba mtoto.

Sasa, mwaka uliofuata Serikali ikatuletea darasa la kina mama, jioni mbili kwa juma. Mwalimu alikuwa bibi wa Kizungu, mrefu, kofia kubwa, na Kiswahili alichokijua vizuri kilikuwa "haraka, haraka," basi sie tukampa jina Bibi Haraka. Alitufundisha kushona, kupima dawa ya mtoto, na Kiingereza. Mie nilisoma chuoni kwa maalimu, herufi za Kiarabu nazisoma kama maji, lakini hizi za Kizungu zilikuwa zinanicheka. Apolonia alisoma kwa masista huko kwao, akawa anakaa karibu nami, ananinong'oneza.

Siku moja Bibi Haraka akaandika neno ubaoni, akalisoma kwa sauti: "Frendi." Akatugeukia. Kwa Kiswahili ni nini?

Zuena, kimbelembele, akajibu, "Rafiki." Akaandika.

Mie nikasimama. "Bibi, hilo futa. Rafiki ni yule Mhindi wa dukani. Kila apitaye mlangoni kwake ni rafiki, njoo rafiki, bei rahisi rafiki. Andika shoga."

"Kwani mume wako ana shoga?" Zuena akadakia, darasa likaangua kicheko. "Mwanamume ana sahibu."

Basi andika sahibu nalo. Bi Mwajabu, mkubwa wetu, naye akanyoosha fimbo kutoka nyuma: na somo je? Mmemsahau somo? Aliyekufunda ulipovunja ungo, au mwenye jina kama lako, huyo naye mnamtupa? Likaandikwa. Mwingine akasema mwandani, yule ajuaye mpaka kilicho chini ya mto wako. Mwingine akasema msiri. Wakabishana kama msiri na mwandani ni kitu kimoja, na wawili nusura washikane, maana mmoja alidai alikuwa na msiri ambaye hakuwa mwandani na ndiye aliyemtangaza. Akatajwa mwenzi. Zuena akauliza, "Na mwenza?" Nikamwambia huyo ni mke mwenzio, usimwandike, atauchafua ubao.

Bibi Haraka akaweka chaki chini. "Neno moja," akasema. "Tafadhali. Moja."

"Hatuna moja," nikamjibu. "Nyie mnaishije na moja?"

Ndipo Apolonia akasimama, na sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, ikabidi watu wanyamaze. Akasema Waingereza nao wana mengi, ila wameyavalisha shati moja. Uliyesoma naye ni frendi. Kijana anayemwendea binti wa watu jioni, na baba mtu anajifanya haoni, naye ni frendi. Mtu anayekushika mkono upate kazi ofisini ni frendi. "Na bwana mkubwa wa ofisini kwa kina Audax," akasema, "akimwita karani mai frendi, karani huanza kutetemeka, kwa sababu leo anatukanwa." Bibi Haraka akawa mwekundu mpaka shingoni, kisha akacheka, akacheka kweli, akatoa leso akajifuta macho. Siku ile ndipo nilipompenda. Akayaacha maneno yetu yote ubaoni, tukaambiwa tunakili. Mie nilinakili moja tu.

Njiani Apolonia akaniuliza, "Dada Tabu, sasa mie ni lipi katika yale?"

"Acha kwanza kuniita dada."

Akatembea hatua kama kumi. Kisha akasema polepole, kama anayeonja mchuzi, "Shoga."

"Labeka, shoga."

Huku pwani ushoga huvikwa nguo. Ilipofika Idi tukaenda mjini Uhindini tukachagua kanga doti moja, nyekundu ya damu ya mzee, maandishi yake ya herufi za Kiarabu, nikamsomea: Nikuonapo moyo hutua. Nyumbani tukaikata, kipande changu, kipande chake, kila mmoja akapiga pindo la kwake. Mie nilizifukiza zote mbili pamoja. Nguo kama ile haiuzwi, haiazimwi, na juu ya yote hairudishwi. Ukimrudishia shoga yako nguo umemwambia basi, yamekwisha, kila mtu na lwake. Mambo haya mtoto wa kike wa hapa huyanyonya na maziwa. Apolonia aliyanyonya wapi, huko kwenye migomba? Sikumwambia. Wallahi haikunijia hata siku moja kwamba ni jambo la kuambiwa.

Tukaishi hivyo miaka, kisha Audax akahamishiwa gatini Bukoba, kwenye meli za ziwa. Karani hana hiari, akiambiwa nenda anakwenda. Stesheni Mage alining'ang'ania shingoni, ikabidi baba yake amtoe kidole kimoja kimoja. Apolonia hakulia. Alikuwa amevaa kipande chake na mie changu, akainama akanusa bega langu, akapanda. Treni ilipoondoka nikamwambia Mfaume nina vumbi machoni, naye, Mungu ambariki, akasema hata yeye.

Nyumba ikawa ukiwa. Chumba cha uani nilikaa nacho miezi bila mpangaji, nawaambia watu paa linavuja. Halikuwa likivuja. Nilikuwa naingia mle mchana, nakaa juu ya kitanda cha kamba, nalia shida zangu, natoka nawagombeza wapangaji wengine kwa kosa lolote nitakalolikuta. Nilikuwa na hamu naye, hamu ya kweli. Ijumaa alikuwa anakuja Projestus, seremala wa Kinondoni, Mhaya mwenzao, ananisomea barua za Apolonia zilizoletwa kwa sanduku la posta la Mhindi wa dukani, na majibu ananiandikia yeye. Mfaume alikuwa akisema Ijumaa hueleweki, unacheka peke yako jikoni.

Mwaka haujatimia, siku moja Mhindi akaniita. Kifurushi. Nikakifungua palepale dukani, mbele ya watu, kwa pupa yangu. Ikatoka ile kanga. Kipande chake, pindo lake, kimekunjwa vizuri, wala hakuna karatasi ndani.

Na nani alikuwa amesimama pale na chupa yake ya mafuta ya taa? Zuena. "Yarabi!" akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Tabu! Shoga yako kakurudishia nguo!"

Nikaona kiza. Nasema kweli, duka lote lilipotea machoni. Niliikusanya ile nguo nikaiweka kwapani, nikatembea mpaka nyumbani kichwa juu, na kila niliyempita nilimwona ananicheka. Nikaitupa chini kabisa ya sanduku, nikafunga kufuli. Siku mbili baadaye Mhindi akaniambia pana barua. Nikamwambia tupa. Baada ya miezi ikaja nyingine, nikamwambia hiyo nayo tupa, na zote zitakazokuja. Akatikisa kichwa akasema barua ya mtu haitupwi, akazitia kwenye saraka. Projestus nikamwonya: ukilitaja jina lile hapa kwangu, chai hunywi. Maskini, alikuwa mtu wa kupenda chai. Hakulitaja tena.

Mwaka mzima. Mchana nilikuwa namtukana Apolonia kimoyomoyo, naye hajui. Nikiamka alfajiri, kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika, nilikuwa bado namtamani, kisha hasira inaingia, ananiponyoka tena. Kipande changu sikukivaa wala sikukitupa.

Projestus akaenda likizo kwao. Aliporudi akaja, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Dada Tabu, utanifukuza, lakini nimetumwa na lazima niseme. Apolonia anauliza, nguo yake hujamaliza kuifukiza?"

"Nini?"

"Nguo. Alikuletea uifukize. Anasema labda udi umeadimika."

Sikuvaa hata viatu. Nilikwenda dukani na mtandio mkononi, Projestus ananifuata mbio. Mhindi aliponiona akafungua saraka kabla sijasema. Tukakaa kwenye ngazi ya duka, Projestus akafungua ya kwanza, ile iliyofika siku mbili nyuma ya kifurushi, akanisomea:

"Shoga, kifurushi kimetangulia. Mama mkwe aliifua nguo yangu kwa sabuni nilipokuwa sipo, harufu yote imetoka. Nimetafuta udi hapa sokoni, si wenyewe. Nifukizie kama siku ile ya arobaini, kisha unirudishie upesi, kwa maana nalala vibaya. Hapa nina marafiki wengi na ni wema. Bibi Haraka angefurahi, neno moja linawatosha wote. Shoga sina."

Ya pili ilikuwa fupi. "Shoga, nimekukosea nini? Kama nguo imepotea njiani niambie, sitalia. Kama umenichoka, hilo nalo niambie."

Nikajipiga kibao cha mdomo, pale pale, watu wanaona. Zuena alikuwepo tena, kama kawaida yake, lakini siku ile alininyanyua tu akanifuta vumbi.

Niliifukiza jioni tatu. Udi nilinunua ule wa thamani, Mfaume akauliza kuna harusi, nikamwambia nyamaza. Nikaitia kwenye mkebe wa biskuti, nikaziba kifuniko kwa nta ya mshumaa ili harufu isitoroke njiani. Nikamwambia Projestus andika: mie mjinga. Akaandika. Nikamwambia ongeza. Akauliza niongeze nini, nikamwambia andika tena hilohilo.

Jibu likaja kwamba amecheka mpaka Mage akaogopa. Na kabla ya Ramadhani iliyofuata, mkebe ukarudi. Ndani nguo, harufu imekwisha, na juu yake kijifuko cha buni za kutafuna na kingine cha senene wa kukaanga. Panzi! Nilikaa nao siku mbili nikiwatazama, wananitazama. Siku ya tatu nikala mmoja, ya nne Mfaume akaniuliza mbona wamekwisha. Nikaifukiza, nikaziba nta, nikairudisha. Mwaka wa pili vilevile. Zuena akawa ananitania, "Mgeni wako wa bati kaja?" Nami namjibu kaja, na hakuulizia hali yako. Tuliishi hivyo, mie nampelekea moshi, yeye ananipelekea panzi. Nikawa natazamia kurudishiwa ile nguo kuliko nilivyotazamia Idi yenyewe.

Mwaka huu Shaabani ikaisha, mkebe haukuja. Ramadhani ikaingia. Nilikuwa nakwenda dukani kila alasiri na saumu yangu, mpaka Mhindi akawa anatikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Barua nilizoandikisha hazikujibiwa. Projestus alikuwa amekwenda tena kwao, nikasema labda atauleta kwa mkono. Idi ikapita. Udi nilikuwa nimeshanunua, uko kwenye kikombe juu ya kabati.

Juma lililopita nikasikia Projestus karudi tangu Jumapili. Jumatatu sikumwona. Jumanne sikumwona. Mtu ambaye akishuka tu stesheni huja kwangu kwanza, kwa ajili ya chai. Alhamisi usiku sikulala. Ijumaa asubuhi nikajifunga kipande changu, nikatoka Temeke mpaka Kinondoni kwa miguu, basi sikulitaka, nilitaka njia iwe ndefu.

Nilimkuta anapiga randa ubao. Aliponiona akaacha. Akapangusa benchi kwa kiganja, akasema, "Kaa, dada Tabu."

"Sikai. Mkebe uko wapi?"

"Hauji, dada." Macho yake yalikuwa kwenye ubao. "Alishikwa na kifua. Huu ni mwezi wa pili tangu tumzike. Nilikuja mpaka kona ya kwako mara mbili, nikashindwa."

Nikamuuliza nguo. Sijui kwa nini niliuliza nguo.

"Alikataza isirudishwe. Alisema harufu haijaisha bado, azikwe nayo. Wakamzika nayo. Mage ndiye aliyemfunga."

Nilikaa. Projestus akanipa maji, akakaa nami. Baadaye akanisindikiza mpaka nyumbani, mtu na kazi yake inamngoja.

Zuena alikuwa barazani kwangu. Aliona uso, akauliza, "Umefiwa?" Nikamwambia nimefiwa. "Na nani wako?" Ndivyo tunavyouliza, si vibaya, watu wajue waje na nini na wakae siku ngapi. Nikamwambia Apolonia, na kwamba nitamkalia matanga. Akashika mdomo. Kisha taratibu, kwa wema, maana alikuwa anaogopa nisije nikaaibika, akasema, "Pole, Tabu. Pole sana. Lakini matanga, shoga? Si ndugu yako, si wa dini yetu, na kaburi liko Bukoba. Watu watauliza unamkalia matanga nani."

Ningeweza kumtukana. Mara hii hasira zilikuja na hazikunikuta nyumbani. Nilikuwa nanusa bega langu, mahali pale aliponusa yeye stesheni.

"Waambie shoga yangu," nikasema. "Wakikuuliza ni nani huyo, waambie wakae chini kwanza."

Zuena akanitazama. Akaingia ndani kwangu mwenyewe, akautoa ule mkeka mkubwa wa misiba, akautandika barazani. Kisha akachukua kile kikombe cha udi juu ya kabati, akawasha makaa, akaketi upande wangu wa kulia.